Herufi Mbili za Jina la Tabitha

Nyinyi vijana mliofungua vibanda vya kuchapa kando ya barabara ya kwenda mpakani, nawaona. Asubuhi nikienda kununua mkate nasimama kidogo mlangoni kwenu, na mnadhani mzee huyu anataka kutoa kopi ya kitambulisho. Sitaki kopi. Nasikiliza mashine zenu tu. Zinalia vizuri. Ila karatasi mnaiweka vibaya.

Karatasi ina mwelekeo wake, kama ubao. Chukua kipande ukichane kidogo: upande mmoja kinachanika kikiwa kimenyooka, upande mwingine kinakwenda ovyo. Kadi ukiikunja kinyume cha mwelekeo huo inapasuka mgongo, na bibi harusi atakulaumu wewe, hatailaumu karatasi. Hilo nilifundishwa na marehemu Mzee Kibona, enzi tulipokuwa bado tunapanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kinyume, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Alinifanya nisome kinyume mpaka mke wangu akawa ananicheka. Alisema siku moja nitaanza Baba Yetu kwa amina.

Mimi niliishia darasa la saba kule milimani Ileje. Yaliyobaki niliyapata kiwandani. Mtu aliyesoma kuliko mimi angewaeleza vizuri ile miaka ya ugonjwa na meli. Mimi nitawaeleza nilichokiona, na nilichokiona sijakielewa mpaka leo.

Kiwanda chetu hakikuwa kikubwa. Mwenye kiwanda alikuwa Bwana Sefu, mtu wa Tanga aliyekuja Tunduma kwa biashara ya magari ya mizigo, akaishia kwenye uchapaji. Kwenye mashine kubwa alikuwa Nzowa, Mnyiha, mtu wa maneno mengi. Kwenye kompyuta alikuwa Zawadi, binti wa Singida, mpole, mwenye macho makali ya kuona herufi iliyopotea. Mimi nilikuwa nakata karatasi, nakunja, nabana, na kila mtu akikwama ananiita.

Ugonjwa ulipoingia tulipata kazi nyingi kuliko wakati wowote. Nawa mikono. Vaa barakoa. Kaa mbali na mwenzako. Tulichapa mabango mpaka wino wa bluu ukaisha. Halafu hofu ikapungua, masharti yakalegezwa, na ofisi moja iliyokuwa imeagiza rundo zima haikuja kuchukua mzigo wake. Nzowa aliyatazama yale mabango akasema, "Sasa haya tutamnawisha nani?"

Nyuma yalikuwa meupe. Mkumbuke hilo neno, nyuma yalikuwa meupe, kwa sababu ndiyo yaliyotuokoa na ndiyo yaliyotuaibisha.

Karatasi mpya ilikuwa haiji. Sisi ambao bahari tunaisikia redioni tu, tukaanza kuamka na kulala na habari za meli. Bwana Sefu alikuwa anampigia wakala wake wa Dar es Salaam kila asubuhi, na simu anaiweka sauti kubwa ili sote tusikie, asije akaonekana mwongo.

"Meli imefika wapi, ndugu yangu?"

"Imeshaondoka, bosi."

"Imeondoka inakuja, au imeondoka inakwenda?"

"Imepita kwanza bandari nyingine. Kuna msongamano."

"Na kontena langu limo?"

"Hilo ndilo tunalifuatilia."

Nzowa anadakia kutoka kwenye mashine, "Bosi, mwambie atutumie hata picha ya hilo kontena, tuchape nyuma yake!"

Alikuja mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mcheshi, aliyekuwa ameagiza kadi za send-off ya bintiye. "Mulishani, ba mudala!" Ndiyo habari yako mzee, kwa lugha ya kwao. "Kadi zangu ziko wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Ziko baharini."

Alinitazama, akatoka nje, akatazama kulia, akatazama kushoto, malori tu, akarudi. "Nyinyi Tunduma mna bahari tangu lini?"

Basi tukaanza kuchapa nyuma ya mabango. Stakabadhi za wachimbaji wa Saza, hawakujali. Tangazo la mnada kule Galula, hawakujali. Kadi za harusi ndizo zilizotushinda. Tulikuwa tunabandika karatasi mbili kwa gundi, mabango yanatazamana ndani, weupe unabaki nje. Ujanja mzuri, kama gundi ni nzuri. Mzee mmoja wa Chitete alirudi na kadi iliyobanduka, na ndani, nyuma ya jina la mwanawe na mchumba wake, kumeandikwa kwa herufi kubwa KAA MBALI NA MWENZAKO.

"Hii ni harusi au ni karantini?" aliuliza.

Nzowa alijificha nyuma ya mashine, mabega yanatikisika. Nawaambia haya ili mjue kwamba tulicheka. Watu wakisikia habari za miaka ile wanadhani kila mtu alikuwa analia. Mimi nilicheka siku ile, na nyumbani kwangu kitanda kilikuwa na upande mmoja mtupu. Hivyo vitu viwili vilikaaje ndani ya mtu mmoja, sijui.

Tabitha mke wangu alikufa katikati ya hofu. Kifua. Hawakuniambia jina la ugonjwa na mimi sikuuliza. Tulimzika haraka, watu wachache, wamesimama mbali mbali kama miche ya kahawa. Watu wengine walikuja wakasimama barabarani, wakapunga mkono, wakaenda. Wazazi wake walikuwa upande wa pili, kijiji cha mbele ya Nakonde, na mpaka ulikuwa umefungwa. Kwangu jioni unasikia muziki wa baa za Zambia, unaujua mpaka wimbo, lakini mama yake hakuweza kuvuka kuja kutupa udongo. Wakati mpaka bado umefungwa, na baba yake naye akafa. Hatukwenda. Tulipigiwa simu.

Tulisema sote, hali ikitulia tutakaa. Tutamfanyia Tabitha ibada, tutasimika msalaba, ndugu wa pande zote watakuja, watalia kwa nafasi.

Hali ilipotulia ilitulia kwa watu wote kwa pamoja. Hilo ndilo sikulitegemea. Kila aliyeahirisha harusi, kila aliyeahirisha kipaimara, kila aliyekuwa na maiti yake aliyoizika haraka, wote walikuja kiwandani wiki zile zile. Kwenye benchi letu mfiwa na bibi harusi walikaa bega kwa bega, wanashikilia sampuli, wanauliza swali moja: karatasi nzuri ipo? Nikawa nakata ratiba za misiba na kadi za vicheko kwa kisu kimoja. Mara nyingine nilisahau napaswa kuwa na uso gani.

Siku ya ibada ya Tabitha ilipokaribia, Bwana Sefu aliniita ofisini. Akafungua kabati. Ndani kulikuwa na rimu moja ya karatasi ya kung'aa, ya mwisho kiwandani, aliyokuwa amemwekea mfanyabiashara mmoja mkubwa wa mjini.

"Mzee wangu," alisema, "shemeji hatachapwa nyuma ya bango. Huyu bwana atasubiri meli."

Niliitikia kwa kichwa.

Ninachotaka mkielewe ni hiki. Nilitumia maisha yangu kuchapa majina ya watu wengine. Mke wangu hakuwahi kuchapwa mahali popote, hata kwenye kalenda ya kwaya alikuwa nyuma, linaonekana sikio tu. Hakuzikwa kama mtu mwenye ndugu. Ile karatasi ndiyo ingekuwa mazishi yake. Watu wangeishika, wangelisoma jina lake, wangerudi nayo nyumbani. Ikiharibika, hakukuwa na nyingine nchi kavu.

Nikakunja mikono ya shati niende kwenye mashine. Nzowa akasimama mbele yangu.

"Wapi?"

"Kazini."

"Baba Ipyana, huku kwetu mfiwa anapika? Mfiwa anachimba kaburi?"

"Hapana."

"Basi kaa. Hii ni kama kuchimba kaburi. Tutachimba sisi."

Walimaanisha. Zawadi alikuwa ameshaniwekea kiti nje, kivulini, na chupa ya chai. Niliandika maneno kwa mkono kwenye kipande cha karatasi nikampa: Tabitha Namfukwe, binti wa Mzee Simfukwe, na miaka yake, na nyimbo alizozipenda. Nikampa na picha yake. Halafu nikakaa kama mgeni kwenye kazi yangu mwenyewe, nasikia mashine inaanza, nasikia kwa mdundo tu kwamba Nzowa ameweka maji ya kutosha. Uso mweusi ukiuchapa kwa wino mweusi peke yake lazima uubane wino, uyaache maji yafanye kazi, la sivyo mtu anakuwa mkaa. Nzowa alijua. Siku ile hakusema neno hata moja mpaka alipozima.

Kesho yake, siku moja kabla ya ibada, waliniita ndani. Wote walikuwa wamesimama, Bwana Sefu na kofia yake, Zawadi amefunga kitenge kiunoni kama yuko msibani. Zile ratiba zimepangwa mezani, zimekunjwa kwa mwelekeo wa karatasi, hakuna mgongo uliopasuka. Niliichukua moja. Tabitha alikuwa anacheka. Meno yake yalionekana, na kovu dogo la kidevuni, na kitambaa cha kichwani ungeweza kuhesabu nyuzi zake. Chini ya picha kumeandikwa: Tabitha Simfukwe.

Wageni wa huku labda hamjui. Wanamwanga wana jina la ukoo la mwanaume na la mwanamke. Mwanaume anaanza na Si, mwanamke anaanza na Na. Baba ni Simfukwe, binti yake ni Namfukwe. Ni ukoo ule ule, lakini ukimwita mwanamke Simfukwe umemwita mwanaume. Bibi wa kwao akisikia hivyo atauliza, huyo aliyekufa ni nani?

Walikuwa wananitazama usoni, wananisubiri. Niliwaza kusema asanteni, niende. Kusema kweli niliwaza. Lakini sijui kudanganya, uso wangu unanisema kabla yangu.

"Jina," nilisema.

Zawadi akasogea. "Jina limefanyaje, baba?"

"Huyu ni Namfukwe."

"Si baba yake ni Simfukwe?"

"Baba yake ni Simfukwe. Yeye ni Namfukwe."

Niliona anavyoelewa, polepole. Akaziba mdomo. "Niliona umeandika Si chini na Na juu. Nikasema mzee ana huzuni, amekosea herufi. Nikakurekebishia, baba. Sikutaka nikusumbue kuuliza."

Bwana Sefu akamgeukia Nzowa. "Na wewe ni wa huku huku!"

"Bosi, fundi wa mashine hasomi! Natazama rangi. Ungeandika hata jina lako hapo nisingeliona. Nilikuwa natazama meno yake yasizibe."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilitafuta wa kumkasirikia, nikamkosa. Binti alinionea huruma. Nzowa alinionea huruma. Bosi alinipa karatasi ya mwisho. Kila mtu alifanya jambo jema, na mambo mema yote yakajumlishwa yakawa mke wangu anaitwa kwa jina la mwanaume. Zawadi alikuwa analia, na mimi mfiwa ndiye niliyekuwa nambembeleza.

"Tunakwangua," nilisema.

Hii mjifunze, hata kama mna mashine za kisasa. Wembe mpya, uuvunje katikati kwa urefu. Ulaze karibu ulale kabisa juu ya karatasi, ukwangue kwenda upande mmoja tu, usirudi. Ule mng'ao wa juu utatoka pamoja na wino. Vumbi lipulize, usifute kwa kidole, kidole kina jasho. Kisha sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka palale, la sivyo wino mpya utasambaa kama kwenye karatasi ya chooni. Tukatoa herufi za risasi za Mzee Kibona kutoka kwenye droo iliyokuwa imegeuka nyumba ya buibui. Herufi za Na ni pana kuliko za Si, kwa sababu i ni nyembamba. Ukitumia ukubwa ule ule, a inampanda m mgongoni. Nikachagua saizi ndogo kidogo. Mkitazama vizuri mtaona jina lake limeanza kwa sauti ndogo, kisha likaongezeka.

Tulikaa wote mezani. Bwana Sefu alikwangua kwa miwani, taratibu, kama anayenyoa mtoto. Nzowa alianza utani, akaacha, akaanza tena.

"Baba Ipyana, Tabitha angekuwepo angesemaje?"

"Angesema tumekunywa."

"Angekuwa amekosea?"

Zawadi akacheka na makamasi. Jioni tukawa tumemaliza, na nilihesabu hilo kuwa ushindi. Jina lake lilikuwa sahihi kwenye kila karatasi iliyokuwa juu ya ile meza.

Ibada ilikuwa Jumamosi. Mama mkwe alikuwa amevuka tangu jana yake na ndugu wengine, mpaka uko wazi kama haujawahi kufungwa, watu wanapita na ndizi zao. Kwa desturi yao mimi na yeye hatutazamani usoni wala hatusemezani moja kwa moja. Alipita upande wa wanawake, nikainamisha kichwa. Kanisa lilijaa. Nilikuwa nimesahau kanisa lililojaa lina joto gani. Watu wamebanana, wanakohoa, na hakuna anayegeuka kumtazama anayekohoa.

Mchungaji, kijana mgeni, alipanda na ratiba mkononi. "Tumekusanyika kumkumbuka mama yetu mpendwa," alisema, "Tabitha Simfukwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Niliitazama karatasi yangu: Namfukwe. Nilimtazama jirani yangu, karatasi yake: Simfukwe. Zawadi aliyekuwa benchi la nyuma akanong'ona karibu na sikio langu, "Baba, lile furushi la kwanza. Nililituma kanisani na bodaboda kabla hujaja. Nimesahau kabisa."

Minong'ono ikaanza kwa wanawake. "Namfukwe!" mmoja akasema. "Na! Na!" Mchungaji akatazama karatasi yake, akaigeuza nyuma, akairudisha, haoni kosa. "Tabitha Simfukwe," akarudia, kwa sauti zaidi, kama anayedhani hawajamsikia.

Ndipo mama mkwe akasimama. Nilitazama chini, kwa desturi na kwa aibu. Alisema kwa Kinamwanga, polepole, na shemeji yangu akawa anatafsiri.

"Mama anasema, mwanawe ni Tabitha Namfukwe."

"Samahani sana, mama," mchungaji akasema. "Tutasahihisha."

Mama mkwe hakukaa. Akaendelea. Shemeji akatafsiri.

"Anasema, Simfukwe ni mume wake. Naye alizikwa na watu wachache, wakati ule ule. Hakuna aliyemsomea jina kanisani. Leo amelisikia likisomwa. Anasema usilifute. Wasome wote wawili."

Watu walikuwa wanalinganisha karatasi zao, huyu ana Si, yule ana Na, wanaonyeshana kwa vidole. Mimi nilikuwa nawaza zile tulizozikwangua, siku nzima, kwa wembe, kwa pumzi. Nilikuwa nimemrudishia Tabitha jina lake, na papo hapo nilikuwa nimemkwangua baba yake. Au sikumkwangua? Hakuwa amekusudiwa na mtu.

"Tusimame," mchungaji akasema. "Tabitha Namfukwe. Na baba yake, Mzee Simfukwe."

Kanisa zima likasimama. Wanawake wakaanza kulia, kile kilio ambacho hatukukilia kule makaburini, na mama mkwe alikuwa amesimama wima katikati yao, amekumbatia karatasi moja kifuani, sikujua ni ya aina gani.

Zawadi alinishika bega kutoka nyuma. "Baba," alisema, "kwa hiyo tulikosea au hatukukosea?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Sijui, mwanangu. Wimbo umeanza. Imba."